Mjumbe Arudi: Mwongozo wa Kuifufua Serikali ya Wanafunzi Chuoni, kutoka Moshi

Ukitaka kujua kama serikali ya wanafunzi ya chuo chako iko hai, usianzie ofisini kwao. Nenda kwa mama ntilie saa saba mchana, foleni ya wali maharage ikiwa imepinda mpaka mlangoni, uulize watu watatu: "Mbunge wako ni nani?" Wa kwanza atacheka. Wa pili atakutajia mbunge wa jimbo la kwao. Wa tatu, ukiwa na bahati, atasema: "Ni yule dada wa mwaka wa pili, ila tangu tumpe kura sijamwona."

Huyo wa tatu ndiye ninayemwandikia. Nimewahi kuwa CR, yaani mwakilishi wa darasa, nimekaa kwenye tume ya uchaguzi ya wanafunzi mara mbili, na nimegombea mara moja nikaangushwa vibaya. Sasa nafanya kazi hapa hapa Moshi mjini, na kila mwaka wadogo zangu kutoka vyuoni hunijia Jumamosi na swali lile lile: tufanyeje ili watu washiriki? Wengi wanadhani dawa ni hamasa, yaani spika kubwa, fulana na msanii. Mimi nasema dawa ni jibu. Wahenga walisema mjumbe hauawi, lakini hawakusema akishatumwa akae huko huko. Mwanafunzi aliyemtuma mtu mara mbili na mara zote mbili asirudishiwe jibu, mara ya tatu atabaki geto siku ya kura, na mimi simlaumu.

Hatua ya kwanza: itafute katiba, uisome ukiwa na kalamu

Umoja wa wanafunzi wa chuo chako una katiba. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 inautambua umoja wa wanafunzi, na ukirudi nyuma zaidi, Katiba ya nchi ya mwaka 1977 inatoa uhuru wa watu kushirikiana katika ibara ya 20 na haki ya kushiriki shughuli za umma katika ibara ya 21. Kwa hiyo usiingie ofisini ukiwa umenyong'onyea kama mtu anayeomba msaada. Nenda kwa Katibu Mkuu wa serikali ya wanafunzi, na usipompata nenda kwa Mshauri wa Wanafunzi, useme: "Shikamoo, naomba nakala ya katiba ya umoja wetu." Ukiambiwa iko moja tu na aliyenayo yuko likizo, tayari umegundua tatizo la kwanza.

Ukiipata, usiisome kama riwaya. Tafuta majibu ya maswali haya, uyaandike pembeni kwa namba za ibara:

Nani anapiga kura ya Rais wa wanafunzi: kila mwanafunzi moja kwa moja, au wajumbe wachache kwa niaba ya wengine? Hili si dogo. Kenya ilibadili sheria yake ya vyuo vikuu mwaka 2016, wanafunzi wakawa wanachagua wajumbe kwanza, halafu wajumbe ndio wanachagua viongozi. Watetezi wa utaratibu huo walisema unapunguza vurugu. Wapinzani walisema ni rahisi zaidi kuwanunua watu hamsini kuliko kuwanunua elfu tano. Mimi niko na wapinzani.

Akidi ya bunge la wanafunzi, yaani idadi ya chini ya kufanya kikao kiwe halali, ni watu wangapi? Nani anateua tume ya uchaguzi, na je, Rais anayetaka kugombea tena anaweza kuiteua? Pingamizi linawekwa ndani ya saa ngapi, na rufaa inakwenda wapi? Bajeti inapitishwa na nani, na ripoti ya fedha inasomwa lini? Kiongozi anaondolewaje? Na kwenye Seneti na Baraza la Chuo, vyombo vya juu vya maamuzi chuoni, wanafunzi wana viti vingapi, nani anavikalia, na akitoka kikaoni anatoa taarifa kwa nani? Swali hili la mwisho mara nyingi halina jibu kwenye katiba. Liwekee alama, tutalirudia.

Piga picha kurasa zote, uzitume kwenye makundi ya WhatsApp ya madarasa. Watu hawatasoma zote, ila watakaosoma watakuwa sita au saba, na hao ndio timu yako.

Hatua ya pili: anzia darasani, kwa CR

Hapa ndipo nitakapokaa sana, kwa sababu hapa ndipo mambo yanapoharibikia. Ngazi ya Rais ina mabango na wapambe. Ngazi ya CR haina hata dakika kumi.

Unajua inavyokuwa. Wiki ya kwanza, mwaka wa kwanza, mhadhiri anaingia, anaangalia saa, anasema: "Nataka kiongozi wa darasa." Kimya. Sauti kutoka nyuma: "Yule mrefu!" Vicheko. Yule mrefu anasimama, anaandika namba yake ya simu ubaoni, na kwa miaka mitatu inayofuata ndiye mwakilishi wa watu mia mbili. Pengine ni mtu mzuri kabisa. Ila hakuna aliyemtuma kitu, naye hajui kuwa ametumwa. Kazi yake inakuwa kusambaza madesa, yaani nakala za masomo, na kutangaza kwamba kipindi kimeahirishwa.

Fanyeni hivi. Huyo wa wiki ya kwanza muiteni CR wa muda, kisha tangazeni mapema kwamba baada ya wiki nne kutakuwa na uchaguzi wa kweli. Wiki nne zinatosha watu kujuana: nani anafika kipindini, nani anajibu ujumbe, nani akiulizwa jambo anasema "sijui, ngoja niulize" badala ya kubuni. Chagueni wawili, mwanamke na mwanaume, wenye mamlaka sawa, wala si mmoja kuwa CR na mwingine "msaidizi wa akina dada". Pigeni kura kwa vikaratasi vilivyochanwa daftarini. Kunyoosha mikono darasani kuna ubaya wake, kwa sababu ukimnyima kura jirani yako wa chumbani atakuona, na usiku mnalala chumba kimoja.

Siku hiyo hiyo, kabla hawajaketi, darasa liwape kazi tatu zilizoandikwa. Moja, kila Ijumaa CR aandike ujumbe mfupi kwenye kundi: wiki hii niliulizwa nini, nilikwenda kwa nani, nikajibiwa nini. Hata kama jibu ni "bado", aandike bado. Mbili, kabla ya kikao chochote cha idara au cha bunge la wanafunzi, aulize darasa kwanza. Tatu, muhula ukiisha darasa lipige kura ya kuendelea naye au kumpumzisha, bila ugomvi.

Ile ya Ijumaa ndiyo roho ya mwongozo huu. Nilipokuwa CR nilianza kuiandika kwa aibu, kwa sababu wiki mbili za kwanza sikuwa na jibu hata moja. Niliandika tu: "Projekta ya chumba cha mihadhara: nimekwenda kwa fundi, hayupo. Matokeo ya jaribio la kwanza: mhadhiri anasema Jumatano." Wiki ya tatu watu wakaanza kunisimamisha njiani na mambo mapya. Hawakuwa wameona mafanikio yoyote. Walikuwa wameona tu kwamba neno wakilitoa halipotei.

Hatua ya tatu: watafute wasiosikika

Chukua karatasi, uandike makundi ya wanafunzi ambao sauti zao hazifiki, kisha tafuta mtu mmoja kutoka kila kundi uketi naye. Usikisie.

Chuo cha hapa kwetu kina wanaolala hosteli na wanaopanga Rau, Majengo, Pasua, Njoro, wengine mpaka Kiboriloni. Mkutano ukiitwa saa mbili usiku, wa hosteli watafika na kandambili, ila wa Kiboriloni atahesabu bodaboda ya kurudi, na kama ni binti atahesabu na giza. Kuna wa jioni, ambao mchana wako kazini. Kuna wa astashahada na stashahada, ambao wenzao wa shahada huwaona kama wageni wakati ada ya umoja wanalipa. Kuna waliokwenda mafunzo kwa vitendo, wako mikoani. Kuna akina mama wenye watoto wachanga. Kuna wenye ulemavu: uliza kwanza kama ukumbi mnaoutumia una njia ya kiti cha magurudumu, na asiyeona atapigaje kura yake bila kuitangaza kwa mtu.

Halafu kuna kalenda za imani, na Moshi hili lisikupite. Ukiweka uchaguzi Jumamosi, Wasabato umewaacha nje. Ukiuweka Ijumaa mchana bila kuacha nafasi ya swala, Waislamu umewafukuza kituoni. Jumapili ni ibada tangu asubuhi, na wengine ni wanakwaya. Weka Jumanne au Jumatano, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi, na uwaombe wahadhiri wakubali watu watoke kwa zamu. Nimewahi kuona tume ikibishana siku mbili kuhusu rangi ya karatasi za kura na isitumie dakika mbili kuangalia kalenda.

Hatua ya nne: tume isiyo na mgombea moyoni

Watu watano mpaka saba wanatosha. Wa mwaka wa mwisho wanafaa, kwa sababu hawana cha kugombea, ila wasiwe wote, kwani mwaka ujao nani atakumbuka kazi ilifanywaje? Kila mmoja atie saini kwamba hatagombea wala hatampigia debe mtu. Tume ikishateuliwa, ofisi ya serikali ya wanafunzi isiitume kazi tena.

Ratiba ihesabuni kwa kurudi nyuma. Angalieni mitihani ya mwisho wa muhula inaanza lini. Siku ya kura iwe si chini ya wiki nne kabla yake. Kabla ya kura, wiki moja ya kampeni. Kabla ya kampeni, siku tatu za pingamizi na rufaa. Kabla ya hapo, wiki ya fomu, na kabla ya fomu, wiki mbili za kuhakiki daftari la wapiga kura. Uchaguzi ukiangukia Aprili au Mei, jueni kwamba ni masika, na mvua ya Moshi ikiamua kunyesha hainyeshi kwa adabu. Vituo viwe chini ya paa.

Fomu itolewe bure. Wengine hupenda kuuza fomu wakisema inachuja wasio makini. Inachuja wasio na hela, basi. Badala yake mwambie mgombea alete wadhamini thelathini kutoka angalau kozi tatu tofauti. Hapo atalazimika kutembea na kusikiliza kabla hajaanza kuahidi.

Hatua ya tano: kampeni ya maneno, si ya pilau

Wekeni kikomo cha matumizi kwa kila mgombea, kidogo kiasi kwamba mtoto wa mkulima wa Kibosho au Same anaweza kukifikia kwa kuchangiwa na rafiki zake. Kila mgombea awasilishe risiti zake. Pilau, soda, vocha na bodaboda za bure vikatazwe kwa maandishi, na adhabu iandikwe.

Badala ya misafara, andaeni mdahalo mmoja mkubwa na midogo kwenye kila kitivo. Maswali yatoke kwa wanafunzi, yakusanywe kwenye boksi siku mbili kabla, mengine yaulizwe papo hapo. Na mdahalo uwe kwa Kiswahili. Najua nitalaumiwa kwa hili, maana masomo ni kwa Kiingereza na wagombea hupenda kupanda jukwaani na maneno marefu ya kigeni ili waonekane wasomi. Nimekaa ukumbini nikaona watu mia tatu wakipiga makofi kwa sentensi ambayo hata aliyeisema hakuielewa. Mwulize kwa Kiswahili: "Hiyo hela utaitoa wapi?" Hapo ndipo sera inapopimwa.

Swali la hela ndilo la kushikilia. Mgombea akiahidi basi la chuo, intaneti ya bure hosteli zote na bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) kutoka kwa wakati, muulize lipi kati ya hayo liko mikononi mwa serikali ya wanafunzi. Mikopo inatolewa na Bodi ya Mikopo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004. Rais wa wanafunzi hawezi kuitoa mfukoni. Anachoweza ni kuhakikisha majina yamepelekwa, waliokosa wamejulikana ni nani na kwa sababu gani, na waziri wake wa mikopo anashika simu. Anayesema hayo hata bila mbwembwe anaijua kazi.

Kuna kampeni nyingine inayopita chini chini: huyu wa kwetu, yule wa kule, huyu wa dhehebu letu. Utani wa Mchaga na Mpare ni utani, tunaupenda, ila ukigeuka hoja ya kura tume imwite mhusika. Vivyo hivyo kwa vyama vya siasa. Mwanafunzi mwenye miaka 18 ni mpiga kura wa nchi hii na ana haki ya kuwa na kadi ya chama chochote, lakini kadi hiyo aiache mlangoni. Historia inatosha kutufundisha. Machi 1978 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya mawaziri na wabunge. Wengi walifukuzwa, umoja wao, DUSO, ukapigwa marufuku, na mahali pake ikaja MUWATA, umoja mwingine wa wanafunzi uliokuwa chini ya mkono wa chama tawala. Umoja ukishakuwa na mwenyewe aliye nje ya chuo, viongozi huanza kumwangalia huyo badala ya kuwaangalia wenzao.

Hatua ya sita: siku ya kura

Naanza na kosa letu. Mwaka mmoja, chuo sitakitaja, tuliamua kuhesabu kura usiku kwenye ukumbi mmoja baada ya kukusanya masanduku yote. Saa mbili na nusu umeme ukakatika. Simu zikatolewa, tochi zikawashwa, mtu akapiga kelele, watu wakasimama juu ya viti. Umeme uliporudi dakika ishirini baadaye, furushi la karatasi lilikutwa chini ya meza. Mpaka leo naamini lilidondoka tu. Lakini imani yangu haikuwa na maana yoyote, kwa sababu hakuna aliyeweza kuthibitisha. Tulirudia uchaguzi, na safari hii walijitokeza wachache mno. Usiku ule niliharibu kitu ambacho sikuweza kukitengeneza nikiwa kwenye tume.

Kwa hiyo: hesabuni kura kituoni, mchana, mbele ya mawakala wa wagombea. Vituo vifungwe saa kumi jioni ili saa kumi na mbili kazi iwe imekwisha jua likiwa bado lipo.

Asubuhi, kabla ya mtu wa kwanza, sanduku lifunguliwe lionekane tupu, kisha lifungwe kwa lakiri mbele ya mawakala. Sanduku la plastiki linaloonyesha ndani ni zuri zaidi, na hata ndoo kubwa nyeupe yenye mfuniko uliotobolewa inafaa. Mpiga kura aonyeshe kitambulisho, jina litikiwe kwenye daftari, apewe karatasi iliyogongwa muhuri papo hapo, aende kwenye kituturi, mahali pa kujificha akipiga kura. Kituturi hakihitaji fedha: boksi la friji lililokatwa upande mmoja na kuwekwa juu ya dawati linatosha. Simu zisiingie humo, kwa sababu picha ya karatasi ya kura ndiyo risiti ya aliyenunuliwa.

Kisha hesabu zikubaliane. Tuseme kituo kilipokea karatasi 650. Mwisho wa siku zilizoingia sandukuni ni 431, zilizoharibika mkononi na kubadilishwa ni 6, zilizobaki ni 213. Jumlisha: 650. Alama za tiki kwenye daftari nazo ziwe 431. Kati ya hizo 431, halali ni 418 na zilizokataliwa ni 13. Mgombea mmoja 227, mwingine 191, jumla 418. Andikeni namba zote hizo kwenye fomu ya matokeo, mawakala wasaini, nakala ibandikwe mlangoni pale pale na kila mtu aipige picha. Rais atatangazwa baadaye ukumbini, lakini kila mwenye simu atakuwa ameshajumlisha mwenyewe. Hiyo ndiyo raha yake.

Vyuo vingine sasa vinapiga kura kwa mtandao. Ni rahisi, na wa mafunzo kwa vitendo wanafikiwa. Kabla ya kukubali, ulizeni nani anashika nywila za mfumo, kama anaweza kuona nani kampigia nani, na matokeo yatahakikiwaje mtu akikata rufaa. Mkijibiwa "mfumo uko salama, msiwe na wasiwasi", kuweni na wasiwasi.

Hatua ya saba: kurudi

Serikali imeapishwa, suti zimevaliwa, "mheshimiwa" zimeanza. Sasa ndipo kazi inapoanza, na hapa Moshi tuna mfano ulio karibu kuliko kitabu chochote.

Mji huu ni wa ushirika. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha umoja wao, KNPA, mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama chao kikuu cha ushirika. Chuo cha Ushirika kikaanzishwa mwaka 1963, ambacho tangu 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Msingi wa ushirika, tangu wale wafumaji wa Rochdale kule Uingereza mwaka 1844, ni mwanachama mmoja kura moja, uwe na hisa nyingi au chache. Lakini nenda kwenye mkutano mkuu wa chama cha msingi cha ushirika huko vijijini usikilize. Mzee wa miaka sabini, hajasoma uhasibu, anasimama na fimbo yake: "Mwenyekiti, kahawa iliuzwa bei gani, na makato haya ni ya nini?" Haketi mpaka ajibiwe. Mjukuu wake yuko chuoni, analipa ada ya umoja wa wanafunzi kila mwaka pamoja na michango mingine, na hajawahi kuuliza.

Piga hesabu ya chuo chako. Tuseme wanafunzi 4,000, kila mmoja shilingi 10,000. Hizo ni milioni 40. Dai mambo mawili tu: bajeti ibandikwe ubaoni kabla bunge la wanafunzi halijaipitisha, na ripoti ya mapato na matumizi isomwe kila muhula kwenye mkutano wa wazi, ikionyesha kilichopangwa, kilichotumika na tofauti. Ukiona mstari wa "dharura" mkubwa kuliko mstari wa "wanafunzi wenye uhitaji", simama kama yule mzee.

Ule utaratibu wa Ijumaa wa CR upandishwe ngazi. Mbunge wa wanafunzi akitoka bungeni, awape ma-CR wake muhtasari ndani ya siku tatu. Mwakilishi aliyeketi Seneti au Baraza la Chuo naye aripoti. Kuna mambo ya siri kule, ataacha hayo, lakini "ada ya ukarabati imejadiliwa, tulipinga, imeahirishwa" si siri. Hapa ndipo lile swali lililokosa jibu kwenye katiba linapata pa kuingia: pelekeni marekebisho ya ibara moja fupi, kwamba kila mwakilishi wa wanafunzi katika chombo cha chuo atoe taarifa kwa bunge la wanafunzi ndani ya siku saba. Ibara ndefu huzua mabishano. Fupi hupita.

Hatua ya nane: peleka madai yenye mifupa

Malalamiko ya "wanafunzi wanateseka" hayamsumbui mkuu wa chuo yeyote, ameyasikia tangu akiwa mwanafunzi. Barua iwe na jambo moja, namba na tarehe. Kama hii:

*YAH: MUDA WA KUFUNGA MAKTABA KIPINDI CHA MITIHANI*

*Wawakilishi wa madarasa 31 walikusanya maoni ya wanafunzi 700 kwa wiki mbili. Kati yao, 512 wanaomba maktaba ifungwe saa nne usiku badala ya saa mbili, kwa wiki tatu za mitihani pekee. Tumezungumza na wakutubi, nao wanahitaji mtumishi mmoja wa zamu ya pili. Wanafunzi 12 wamejitolea kusaidia kupanga vitabu usiku. Tunaomba jibu la maandishi kabla ya Ijumaa ijayo, ili tulisome kwenye kikao cha wanafunzi saa kumi jioni siku hiyo.*

Angalia sentensi ya mwisho. Haina kitisho, ila inamwambia aliyeipokea kwamba kuna watu wamekaa wakisubiri. Jibu likija, hata la kukataa, lisomeni neno kwa neno. Lisipokuja, someni kwamba halikuja, mwandike barua ya pili, nakala kwa aliye juu yake. Nimeona mambo mengi yakipatikana kwa barua ya pili. Kwa mgomo wa haraka nimeona zaidi watu wakirudishwa nyumbani kwa barua za kusimamishwa, na wa kwanza kurudishwa huwa si wale walioshika spika.

Hatua ya tisa: kukabidhi

Hii inasahaulika kila mwaka, kwa sababu anayeondoka ana mitihani na anayeingia ana furaha. Kaeni saa mbili, mkiwa na Mshauri wa Wanafunzi kama shahidi. Salio la benki na watia saini wapya. Muhuri. Barua zote zilizopelekwa bila kujibiwa, kwa tarehe. Ahadi zilizobaki, pamoja na jina la mtu aliyeahidi. Uadmini wa makundi ya WhatsApp, na hilo lifanyike hapo hapo kwa simu mezani, si "nitakuongeza kesho". Nakala ya katiba yenye maandishi ya kalamu pembeni. Daftari la wapiga kura la mwaka huu, masanduku ya kura yakiwa yamehesabiwa, na funguo zake.